Kijiko cha Wifi

Ukiwa na haraka, usiende kununua bizari kwa Bi Pua. Nenda kwa wale wa mbele, wanaopima huku wanaongea na simu, wakufungie, uondoke zako ukapike vumbi. Bi Pua hauzi hivyo. Ukisimama mbele ya meza yake, pale kati ya kinyozi na mashine ya kusaga, atakuuliza kwanza unapika nini na nani anakula. Ukimwambia unataka tu bizari ya mchuzi, atakutazama kama mtu aliyeingia kwa daktari akasema anataka tu sindano.

Jina walimpa sokoni, na si kwa ukubwa wa pua, maana pua yake ni ya kawaida tu. Ni kwa sababu mtu alikuwa akipita, Bi Pua ameinama anapepeta giligilani, akamwambia bila kuinua kichwa, "Mama, vitunguu vyako vya jana viliungua," na mama wa watu akabaki anajinusa nguo. Na alichokijua hakukifungia kabatini. Yeye ndiye aliyewafundisha watu wa mtaa ule kukausha maganda ya machungwa na kutia kipande kimoja kwenye mchuzi wa nyama, wakaacha kuyatupa. Yeye ndiye aliyesema giligilani ikaangwe kavu kwa moto mdogo, na usiitazame, uisikilize: ikianza kupasukapasuka, epua. Na iliki nunua nzima na maganda yake, uitwange siku unayopika, kwa sababu iliki ya unga ni maiti iliyopakwa poda. Kajaribu mwenyewe, halafu uje ubishe.

Alikuwa na sheria moja. Ukinunua kwake kitu ambacho hujawahi kukipikia, sharti umletee kijiko kimoja cha chakula chenyewe aonje. Na mleta kijiko hasemi neno mpaka Bi Pua amalize kuonja. Usiseme umezidisha chumvi, usiombe radhi, usikunje uso. Toa kijiko, funga mdomo. Maneno, alisema, yanaingia kwenye chakula kabla ya ulimi.

Sheria hiyo ilianzia ukweni. Chakula cha kwanza alichopika baada ya kuolewa kilionjwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mbele ya jamaa wote. Wifi alitafuna kimya, akaweka kijiko chini, akasema, "Hakuna kitu hapa," akaomba maji ya kunywa. Wenzake walikula mpaka wakakwangua sufuria, lakini bibi harusi hakuiona sufuria tupu, aliuona uso wa wifi. Tangu siku ile hadi amepata wajukuu, kila alichokigundua jikoni alimwonjesha wifi kwanza. Wifi naye hakuwahi kuvuka neno moja: "Kinalika." Ukimuuliza kwa nini hasifii, alikujibu kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wifi huyo alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa ng'ambo ya uchochoro, ikitazamana na meza ya Bi Pua. Walitaniana kutwa nzima juu ya vichwa vya wateja. Mdomo wake, Mungu amsamehe, ulishona haraka kuliko mashine. Habari ikimfikia asubuhi, kufika adhuhuri hata wauza mkaa wanayo.

Sasa sikia. Msimu wa baridi Bi Pua alishikwa na mafua, mafua ya kawaida, ya tangawizi na blanketi. Yakapona. Asubuhi aliyorudi sokoni akafungua bati la karafuu kama kawaida yake, akainamisha uso, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akafungua mdalasini. Hakuna. Akachukua kijiti chake kizima, akakivunja chini ya pua, akavuta tena mpaka kifua kikauma. Ilikuwa sawa na kunusa ukuta.

Aliogopa, aliogopa sana. Hakumwambia mtu, hata mumewe, kwa sababu mumewe ni mtu mwema na angesema "itarudi tu," na hilo ndilo neno ambalo hakutaka kulisikia. Akaamua kuuza kwa macho na masikio. Bizari aliijua kwa rangi, mbegu kwa mlio, tangawizi kwa kuibonyeza. Vijiko alivionja akabahatisha: ulimi ulimpa chumvi, ukali na uchachu, mengine akayatunga. Wateja wakashukuru, wakaenda. Kila aliyeshukuru alimwongezea uzito kifuani.

Siku moja wifi akavuka uchochoro na kijiko cha maharage. Bi Pua alikuwa amemshauri atie bizari nyembamba. Kwa sheria, wifi hakusema neno. Bi Pua akaonja, akafumba macho kama zamani, akasema, "Mazuri. Ongeza tangawizi kidogo, yatakaa sawa."

Wifi akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akasema, "Asante, wifi," akarudi kwenye cherehani yake.

Bi Pua akajiuliza: Asante? Katika miaka yote ya undugu wao, wifi hajawahi kumwambia asante hata kwa zawadi. Jioni, wakati wa kufunga, akapita nyuma ya cherehani na kuyaona yale maharage yamemwagwa kwenye ndoo ya takataka, sufuria nzima. Mama mmoja mpangaji wa pale, aliyekuwa akiosha vyombo karibu, akamweleza, akicheka: fundi alikuwa anajaza jiko, mafuta ya taa yakamwagikia sufuriani, mtaa mzima ulinuka. Alikwenda kwako kuuliza kama yanaokoleka, hakukwambia?

Hakuniambia, Bi Pua akawaza. Mimi ndiye niliyemkataza kusema.

Hakulala vizuri, na kesho yake alikaa kama anayengoja hukumu. Wateja walikwenda kwa fundi, wakakaa, wakacheka, wakaondoka. Alimwangalia kila mmoja usoni. Hakuna aliyemtazama kwa huruma. Wiki ikapita. Wifi alikuwa na pini mdomoni na mguu kwenye pedali, na habari ya pua haikutoka. Jambo hilo lilimshangaza Bi Pua kuliko kufa kwa pua yenyewe.

Ndipo akaja mwalimu wa chekechea, binti mpole, macho mekundu. Baba yake ametoka hospitali na hataki kula. Chakula kinarudi kama kilivyokwenda. "Mama, nipe kitu," akasema, "chochote kitakachomfanya ageuze shingo tu aangalie sahani."

Bi Pua alijua la kumwambia. Uji wa mchele wa maziwa, mwepesi, na iliki itwangwe na kutiwa mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kisha ufunuliwe mbele ya mgonjwa mwenyewe, siyo jikoni, maana harufu ndiyo itakayomwita. Lakini chini ya meza kulikuwa na mifuko miwili ya iliki. Mmoja wa juzi, mmoja wa zamani uliokwisha nguvu, na kijana aliyeleta mzigo alikuwa ameipangua, haijulikani upi ni upi. Kwa macho ilifanana. Akaitia hii mkononi, akaitia ile. Zamani angejua akiwa bado mbali.

Cherehani ikanyamaza. Wifi akavuka uchochoro, akaingiza uso kwenye mfuko mmoja bila kuomba ruhusa, kisha kwenye wa pili. "Wifi yangu siku hizi anabana matumizi, anataka kukuuzia majani," akamwambia mwalimu. "Chukua huu." Akausukuma mfuko wa kushoto.

Hapo njia ilikuwa wazi. Funika kombe, mwanaharamu apite: angepima, angefunga, jina lingebaki. Bi Pua akapima. Kisha akaushika mkono wa yule binti.

"Mwanangu, ushauri ni wangu, lakini iliki kachagua wifi. Mimi sisikii harufu tena. Pua yangu imekufa tangu mafua yale. Usije ukamlisha baba yako kwa kuniamini mimi peke yangu."

Kinyozi akasimamisha mashine yake ya kunyolea. Wifi akapandwa na hasira. "Nimekaa na neno hili tumboni mpaka nimeumwa tumbo," akasema, "mimi, ambaye sijawahi kutunza siri hata ya nguo ya ndani, halafu unajitangaza mwenyewe?"

"Ulinitunzia kwa nini?" Bi Pua akauliza.

Wifi akavuka tena uchochoro. Alirudi kushona, na siku ile alishona vibaya.

Mwalimu alirudi siku chache baadaye na kijiko kilichofunikwa kwa kisahani. Alisimama kimya, kwa sheria, lakini uso wake ulishasema yote. Bi Pua akapokea, akaonja. Maziwa alihisi ulaini wake, sukari akaipata, basi. Akamwita wifi, akamnyooshea kijiko ng'ambo ya meza. "Onja wewe. Uniambie kinanukiaje. Na usiniambie kinalika."

Wifi akaonja. Akatafuna kitu kisichohitaji kutafunwa. Safari hii hakuweka kijiko chini.

"Kinanukia ile siku ya kwanza uliyotupikia," akasema, anatazama mbali. "Ile niliyosema hakuna kitu. Wifi, kilikuwepo. Nilitaka kulia kwa utamu. Nikamwona ndugu yangu anavyokutazama, nikajua tumekwisha, nyumba imepata mwenyewe. Nikaomba maji."

Bi Pua alisimama na mikono yake, ya manjano kwa bizari, imening'inia. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Miaka yote hii," akasema, "nimetafuta kilichokosekana."

"Ndiyo. Na mtaa mzima umekula vizuri," wifi akasema. "Mgema hakutia maji." Akavuta kiti cha wateja, akakaa upande wa ndani wa meza, karibu na mabati. "Haya, fungua hilo la kwanza. Nitanusa, nitakwambia."

Bi Pua akafungua karafuu.