Makuti ya Diwani

Diwani wetu alikuwa na jibu moja kwa kila swali: mabati. Nyumba za Muyeye, mtaa wetu, zikiungua, ni makuti. Wezi wakiingia, wamepasua makuti. Maendeleo yakichelewa, ni aibu ya makuti. Alipopandisha ushuru wa kila mzigo wa makuti ulioingia mjini, alisimama sokoni akasema ni kwa usalama wetu, na kwamba karibuni atakayeyashona mjini atakamatwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama shemeji yake, mwenye duka la mabati, akipiga kuliko wote.

Mama yangu alikuwa mshona makuti. Alikunja majani ya mnazi juu ya ufito akayashona kwa kamba, uani kwetu, na kwa kazi hiyo alinilea peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli ya watalii, na hoteli nzima, baa hadi mapokezi, iliezekwa makuti. Moto wa huko haukumhusu diwani. Kila nilipomwambia mama, alinijibu, "Mwanangu, una maneno."

Uchaguzi ulipokaribia, diwani alikuja kwetu kwa miguu. "Shikamoo, mama," alisema. Miaka yote hakuwahi kumwamkia. Nikaacha kupepeta mchele, nikatega sikio. Alikuwa akijenga nyumba ya wageni ufuoni, na wageni, alisema bila haya, hawapendi mabati.

"Nishonee ya kubana, yasivuje," akasema. "Na hapa uani utaendelea na kazi yako, hakuna atakayekugusa. Ila siku ya mlolongo nikuone."

"Utaniona, mheshimiwa," mama akajibu.

Nilichukia. Nilimsaidia kushona, lakini vipande vyangu nikavilegeza makusudi, mvua imnyeshee Mzungu wake kitandani. Mama alivitambua vyote. Alivifumua mbele yangu akavishona upya, wala hakunigombeza.

Mwaka ule hatukupiga kura ya siri, tulipiga ya mlolongo. Picha za wagombea zilishikwa juu uwanjani, nawe ukapanga mstari nyuma ya umtakaye, mchana kweupe, kila mtu akikuona. Mama aliwahi mapema nyuma ya picha ya diwani. Mimi nikaenda mstari wa pili, wa mwalimu mstaafu, nikasimama kifua mbele. Nilijiona shujaa. Diwani mwenyewe alikuwa pembeni, akipitisha macho kwenye nyuso zetu kama mtu anayetafuta mbuzi wake mnadani. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama.

Akatangazwa mshindi. Kwa macho yangu mstari wetu ulikuwa mrefu zaidi, lakini nani angebisha. Makuti ya nyumba yake ya wageni yalikuwa yamekwisha kupandishwa paani. Wiki ile ile askari wa baraza la mji walikuja uani kwetu, wakapakia kwenye lori makuti yote, na fito, na kamba, hata kibao alichokalia mama. Walisema ni hatari ya moto.

Nilianza kuwataja majirani waliotuchongea, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sababu yake. Mama alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mimi pia nilikuona mstarini," akasema, akaingia ndani.

Hakushona tena, wala hakulitaja jambo lile hadi alipofariki. Na mimi, mwenye maneno, sikuwahi kumwomba radhi.