Hamsini ya Bati

Octave alifundisha hesabu katika shule ya misheni pale Kasongo, mkoani Maniema, na kulikuwa na hesabu moja iliyomshinda kwa muda mrefu. Katika kitabu alichoachiwa na padri aliyerudi Ulaya alikuwa amesoma kwamba chembe zilizo ndani ya kiini cha atomu hukaa kwa ngazi, na ngazi ikijaa, kiini hutulia. Alijumlisha nafasi za ngazi hizo, akapata mbili, nane, ishirini, arobaini. Lakini bati, hilohilo watu wa Maniema wanalolichimba na kuliosha mitoni, lina protoni hamsini, na hakuna kitu kingine chenye aina nyingi hivyo za viini visivyovunjika. Basi hamsini nayo ilikuwa ngazi iliyojaa, ila hesabu yake haikuitoa. Hamsini ilitoka wapi?

Jirani yake Kassimu, fundi wa kupaka bati sufuria za shaba, alimkuta akichora mchangani.

"Mwalimu, ni ile hesabu tu?"

"Ni ile, Fundi. Pengine ni mimi sijui kujumlisha."

Mwaka 1953 ikasikika kwamba Kabambare kumefika padri mpya, Antoine, aliyesomea fizikia. Likizo ya Pasaka Octave akapanda baiskeli. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, akawa anaisukuma zaidi kuliko kuipanda, na alifika akitetemeka kwa homa. Padri akamlaza, akampa dawa ya kinini, wala hakumuuliza kilichomleta. Homa iliposhuka, Octave akatoa swali lake.

"Hata mabingwa wa Ulaya walikwama hapohapo," alisema Padri Antoine. "Jibu lenyewe bado jipya. Kila chembe inazunguka ndani ya kiini, na papo hapo inajizungusha yenyewe. Mizunguko hiyo miwili ikielekea upande mmoja, chembe inashikwa zaidi, inashuka. Ikipingana, inapanda. Kwa chembe zenye mzunguko mkubwa tofauti ni kubwa sana, hata ile ngazi iliyo juu ya arobaini inagawanyika. Nafasi zake kumi zinashuka kukaa na zile za chini."

"Arobaini na kumi," Octave akasema polepole.

"Ndiyo."

Machozi yakamlenga. Akaona haya, akageukia dirishani.

"Na hiyo nguvu inayoishika chembe inatoka wapi, mon père?"

"Hapo bado wanabishana."

Aliporudi Kasongo aliomba ruhusa ya kuwafundisha wanafunzi mambo hayo. Mkuu wa shule akamjibu kwamba katekisimu na kazi za bustani zinatosha. Octave hakubishana. Akaanza kufundisha Jumamosi mchana, barazani kwake, yeyote aliyetaka kuja. Kassimu alikuwa wa kwanza kufika, na wa kwanza kuuliza.

"Mimi nayeyusha bati kila siku. Moto wangu unavuruga hizo ngazi?"

"Hapana, Fundi. Moto wa makaa haufiki kule. Bati linayeyuka, lakini kiini kiko vilevile."

Kassimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaomba aelezwe tena tangu mwanzo. Zile Jumamosi ziliendelea hadi bendera ya Wabelgiji iliposhushwa, na hata baadaye, maana hakuna aliyemwambia Octave aache.