Mti wa Miguu Miwili

Juzi, saa sita ya mchana, askari alinikuta katika parseli yetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Mapendo hapa Goma, nimepiga magoti juu ya mawe meusi ya volkano, aparei ya picha mkononi. Akasimama pale barabarani, bunduki begani. "Mama, uko unapiga foto ya nini? Hapa hakuna kitu."

Mbele yangu kulikuwa na matundu mawili kwenye jiwe, basi. Ngoja nikueleze wewe, maana yeye sikumweleza.

Hapo, kabla ya jiwe, palisimama mti wa avoka wa mukaka. Mukaka ndivyo sisi tuliotoka Butembo tunavyomwita nyanya, na huyu wangu, aliyemzaa mama, alikuwa mfupi wa kimo lakini ukimkasirisha wanakusikia mpaka sokoni. Mti wake uligawanyika chini kabisa, usawa wa goti, ukapanda kwa miguu miwili, mmoja mnene, mwingine mwembamba ulioinama upande wa ziwa. Sisi watoto tulipita katikati ya ile miguu tukienda kuosha sahani. Msimu wake ukifika, avoka zilianguka juu ya manjanja, yaani mabati ya nyumba, kwa kishindo, na aliyeamka wa kwanza ndiye aliyeokota. Avoka, bugali wa moto, sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaangwa na chumvi kidogo: wee, usinikumbushe!

Halafu wakimbizi wakaingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kama hukuwepo, sijui nikuambieje. Watu wengi kuliko mji wenyewe, na kila mmoja anatafuta kuni apike. Miti ya Goma ikaisha. Siongezi chumvi, ikaisha. Mikaratusi ya barabarani ilikwenda, miti ya uwanja wa shule ilikwenda, kisha madawati yenyewe, na mwalimu wetu akatufundisha hesabu tumeketi chini.

Asubuhi moja mama mkimbizi alisimama chini ya avoka yetu na panga, mtoto mgongoni. Mukaka akatoka jikoni na mwiko. Nilidhani atampiga nao.

"Mama yangu, huu mti hapana," akasema.

"Mutoto wangu ana njaa."

"Nimesikia. Weka panga chini, ulete chungu chako."

Tangu siku hiyo yule mama alipika kwenye moto wetu. Kesho yake wakaja wawili, kesho kutwa sita, na jiko letu likawa jiko la avenyu nzima. Kuni zilitoka wapi? Mukaka alibomoa uzio. Ubao mmoja baada ya mwingine, misumari akiiweka kando kwenye kopo. Mama yangu alilia, "Mama, wezi wataingia!" Mukaka akajibu, "Waingie, wale avoka." Majirani walisema muzee ameharibika kichwa. Kila ubao ulipokwenda motoni alirudia maneno yale yale: "Uzio nitaujenga kwa siku mbili. Mti je, wewe utanijengea?" Mvua ilipoanza kunyesha hatukuwa na uzio hata wa kufungia kuku, lakini mti ulikuwa umesimama.

Nilipopokea komunyo ya kwanza, wakamwita mpiga picha mwenye studio mtaa wa Murara, papa mmoja, mtu mzima wa upande wa Bukavu ambaye suruali yake haikukunjamana hata siku moja. Nilimsumbua mchana kutwa anishikishe ile aparei. Mwisho akachoka, akanipa. "Binti, poze imebaki moja tu kwenye filamu. Na ni ya familia."

Familia ikajipanga, wengine na viatu vya kuazima. Mimi nikaigeuzia mgongo. Nilishika aparei usawa wa tumbo, kwa sababu ilikuwa nzito, nikaelekeza kwenye mti, nikabonyeza. Kofi la mama lilinikuta bado nina gauni jeupe la komunyo. Poze ya mwisho, kwa mti! Na picha ilipokuja ikawa aibu juu ya aibu: sikupata hata jani moja. Ilikuwa miguu miwili ya mti, iliyokatwa juu, na beseni la mukaka pembeni. "Mti bila kichwa," wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mukaka hakucheka. Aliichukua akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Mimi nilinuna siku tatu, na siku ya nne nilishaamua kwamba nitapiga picha za miti mpaka nife. Sijaacha.

Vita ikaja, ikaondoka, nyingine ikaja na viatu vyake. Tuliizoea, kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Kisha mlima wenyewe ukapasuka. Tulikimbilia mji wa Sake, mukaka akiwa na sufuria moja na kitabu cha sala.

Tuliporudi, jiwe lilikuwa bado na joto, sandali zilinata. Mapendo ilikuwa imegeuka jangwa, jeusi, bila barabara wala paa, jua likikupiga kutoka juu na mng'ao wake ukikupiga kutoka chini. Watu wazima walitembea wakihesabu hatua kwa sauti, wakitafuta nyumba zao. Jirani yetu mfanyabiashara alikuwa ameshachora mistari yake kwa chokaa, na mistari hiyo ilimeza parseli yetu yote.

Akaja mtu wa serikali na kamba ya kupimia. "Mama, karatasi za parseli?"

"Zimeungua," mukaka akasema.

"Basi uzio ulipita wapi?"

Uzio tuliuunguza wenyewe, tena zamani, wala nguzo haikubaki ya kukumbukwa. Mama akaanza kulia, na mimi nikaona kweli tunakuwa watu wasio na kwao katika mji wetu wenyewe. Mukaka hakulia. Aliinama, akaenda polepole juu ya lile jiwe kama anayetafuta sindano, mpaka akaita, "Miguu yake hii hapa!"

Matundu mawili, moja karibu ya lingine. Lava ya volkano ilikuwa imeganda kuzunguka mti kabla haujaungua, na mti ulipokwisha nafasi yake ikabaki.

Jirani akacheka. "Muzee, kila mti umeacha tundu!"

Ilikuwa kweli. Ndipo mukaka alipofungua kitabu cha sala. Mtu wa serikali aliitazama picha, akachuchumaa, akachomeka fimbo katika tundu moja, kisha la pili. Moja pana. Moja jembamba, limeinama upande wa ziwa.

"Nani alipiga hii foto?"

Mama, yule yule wa kofi, akanisukuma mbele. "Mutoto wangu."

"Toka mti mpaka mlango wenu?"

"Hatua nne," akasema mukaka, akazitembea. Kamba ikaanzia pale. Kusikia hivyo majirani wengine wakaanza kupaza sauti: mimi ni nyumba ya pili kutoka kwa mti wa mukaka, mimi ni ya tano ng'ambo! Mpaka jioni avenyu nzima ilikuwa imepimwa kuanzia mti ambao haupo. Jirani alifuta chokaa yake kwa kiatu chake mwenyewe.

Sasa mukaka hayupo. Yule mama mkimbizi alishika njia ipi na mtoto wake, hatukujua kamwe. Katika studio ya Murara wanauza simu. Wageni hunijia wakitaka picha za watu wanaolia, wanalipa vizuri, nami nawaonyesha mikaratusi inayochipua juu ya jiwe saa sita, kivuli kimejikunja chini yake. Hawataki. Shauri yao! Machozi yetu mimi siuzi. Watu wa nyumbani wananiambia niyazibe yale matundu kwa simenti nijenge chumba cha kupangisha. Sizibi.

Yule askari nilimjibu, "Mti." Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona namfanyia mzaha, akakasirika.

"Futa!"

Nikafuta mbele ya macho yake. Akachukua aparei, akahakikisha, akanirudishia, akaenda zake.

Kesho yake, saa sita, nilirudi. Nikapiga magoti pale pale, nikashika aparei usawa wa tumbo, nikapiga tena.