Nilimwombea mama sala ya mazishi kwenye kanisa la kupigia picha za harusi, Guangzhou

Wakuu, salaam.

Haya yamenitokea mwenyewe mwaka huu, hapa Guangzhou, na sitayatia chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, jueni ndivyo nilivyokuwa.

Mama yangu alifariki Njombe wakati pasipoti yangu ikiwa uhamiaji, inasubiri viza mpya. Bila pasipoti huondoki.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Familia ikanitengea jambo moja: katika ibada ya mazishi, mdogo wangu Elia angenipigia simu, aiweke kwenye maiki, nami nimwombee mama mbele ya waombolezaji.

Nikaapa kuitoa sala ile nikiwa kanisani.

Sababu ninayo. Huku tunasali Jumapili katika ukumbi wa hoteli, na jambo hilo halikuwahi kumridhisha mama. "Hotelini? Mwanangu, hotelini watu wanalala, hawasali."

Mazishi yaliangukia Jumatano, na ukumbi ule ulikuwa na semina ya vipodozi. Chumbani kwangu, mtaa wa Xiaobei, wenzangu walikuwa wakifunga marobota, utepe wa gundi unalia kutwa.

Dada Rehema, Mzanzibari tunayesafirisha naye kago, akanionyesha picha kwenye simu: mji mdogo nje ya Guangzhou, umejengwa kwa mfano wa miji ya kale ya Uingereza, katikati kanisa kuu lenye mnara.

"Nenda huko kaka yangu, kanisa si hilo? Ila nanyi jamani, bila ya kengele Mungu hawasikii?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Chuo kikuu nilisoma historia. Niliwahi kuandika insha ndefu juu ya makanisa makuu ya Uingereza bila kuona hata moja. Basi nikavaa suti nyeusi, nikabeba Biblia, nikapanda metro hadi kituo cha mwisho, kisha basi.

Mji ulikuwa mzuri, na mtupu. Barabara za mawe. Kibanda chekundu cha simu kisicho na simu. Maduka ambayo madirisha yake yamechorwa ukutani.

Niligonga ukuta wa kanisa kwa kidole, ukalia kama ndoo tupu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kando yake palikuwa na bango la bei za picha za harusi.

Nikakaa kwenye ngazi. Nimeishi ugenini miaka mingi, lakini sikumbuki kujiona mbali na watu kama pale.

Mara akaja msichana mwenye kifaa cha mawasiliano sikioni, anahema. Akaitazama suti, akaitazama Biblia, akazungumza na simu yake, nayo ikatafsiri kwa Kiingereza: "Mchungaji, umechelewa! Maharusi wanakungoja!"

Kwa wasiojua: huku wageni hukodiwa kuigiza uchungaji kwenye harusi za mtindo wa Kizungu. Wa siku ile hakutokea.

"Bu shi," nikamwambia, siye mimi. Hakunisikiliza.

"Simama tu mbele yao. Sema lolote kwa lugha yenu, hawataelewa."

Akafungua mlango. Wakuu, ndani mlikuwa na viti, msalaba na ukimya. Nikaingia.

Maharusi wakaingia, wakasimama mbele yangu, wazazi wao na wageni nyuma. Kabla sijafungua kinywa, simu ikaita, nikaiweka spika.

"Kaka, uko kanisani?"

"Nipo."

"Haya, uko kwenye maiki. Omba."

Nyuma ya sauti ya Elia kwaya ilikuwa inamalizia wimbo. Maharusi walipousikia wakashikana mikono, wakainamisha vichwa.

Nikafumba macho. Nikamshukuru Mungu kwa mwanamke aliyelima viazi akanisomesha. Nikamwomba ampokee. Machozi yakanitoka, nikaendelea.

Niliposema Amina, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Elia akanong'ona, "Kaka, shangazi anauliza, hao wanaopiga makofi msibani ni watu gani?"

"Mwambie ni wa huku. Nitaeleza."

Akakata. Walikuwa wanaelekea kaburini.

Bibi harusi akanijia, macho yamelowa, akanisogezea simu nisome tafsiri: "Hakuna mgeni aliyewahi kulia kwa ajili yetu. Asante."

Nilitaka kumwambia. Nilikwishaandika neno "mama". Lakini nimekaa huku vya kutosha kujua kwamba kutaja kifo harusini ni kuwatakia maharusi mkosi. Nikafuta.

Mama yake akanipigapiga mkono, akanipa peremende za harusi katika kifuko chekundu. Nikarudi na basi, kifuko mapajani, huku nyumbani wakishusha jeneza.

Nilichojifunza ni kwamba nilihangaika kutafuta jengo, wala sikumwomba mtu aandamane nami. Rehema angekuja. Nilijiambia ana kontena la kushughulikia bandarini Huangpu, nisimsumbue. Ukifiwa ugenini, msumbue mtu.

Sala ilifika, hilo silitilii shaka.

Mliowahi kuzika kwa simu, niambieni mlifanyaje. Na asiye na la kusema aandike pole tu, inatosha. Saa ile mama anapelekwa kaburini, mimi nilikuwa napewa asante, si pole.