Karoboti ka mama kameingia kwa baba

Leo nimeona baba yangu akikimbiza ufagio.

Watu wangu, si utani. Sista ametoka majuu, ng'ambo huko, na karoboti ka kufagia, zawadi ya mama. Ni ka mviringo kama sufuria, kanajiendesha, kakigonga ukuta kanageuka. Kanajuaje njia? Nimekafuata nyumba nzima nikiuliza hivyo.

Sasa, baba hutengeneza saa hapa nyumbani, Kiamunyi. Skrubu zake ni ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, kwa hivyo chumba chake cha kazi hakifagiliwi. Mama mwenyewe haingii humo na ufagio.

Leo mlango ulibaki wazi.

Kakapita chini ya meza, kakaingia chini ya kabati. Baba nyuma, kwa magoti: "Shikeni hiyo kitu!"

Akakapindua, akamwaga vumbi kwenye gazeti, akavaa lenzi yake. Sote tukainama kuangalia.

Skrubu kumi na moja. Na kagurudumu ka saa ya marehemu guka, babu yangu, kalikopotea nikiwa darasa la tatu.

Baba amekarudisha mahali pake, na saa ya guka inatembea!

Lakini baba amejifungia na karoboti kamtafutie skrubu nyingine, na mama anafagia sebule kwa nguvu, akidai zawadi yake.

Nyinyi mngetetea nani?