Mstari Mmoja wa Kidole

Yule mama wa duka la dawa pale Murusagamba ana mikono mikavu inayonuka sabuni. Mteja akitaka dawa ya kupaka ya pumu ya ngozi, huambiwa kwanza anyooshe kidole. Mama hukamua mstari mmoja, kutoka nchani hadi kiungo cha kwanza, kisha huinua nyusi. "Hiyo inatosha upana wa viganja viwili. Usizidishe." Anayeitaka dawa hiyo ili ang'arishe uso, mama humfukuza huku akicheka.

Jumatatu Mzee Ndikuriyo aliingia na tyubu tupu.

"Shikamoo, baba. Imekwisha lini?"

"Jana, kabla ya misa. Nilipaka mwili mzima."

Mama akashika kiuno. "Baba! Hii ni dawa, siyo samli! Ukiizidisha, ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwani unawashwa mwili mzima?"

"Kisogoni tu. Sipaoni. Nikaona nipake kote, labda na huko itafika." Mzee alitazama chini. "Restituta ndiye alikuwa ananipaka."

Restituta, mkewe, walikuwa wamemzika msimu wa maharage.  Mama alinawa mikono, akazunguka kaunta, akakamua mstari kwenye kidole chake mwenyewe, akampaka penye vipele tu, taratibu.

"Kesho uje tena. Na wiki ikiisha tunaacha, hata ukinililia."

"Sitalia," alisema mzee. Akaondoka ameikunja kola, isije ikaifuta dawa.