Malkia Aliyezikwa na Ndoo Zake

Shangazi yangu alifukuzwa kanisani Kabambare kwa sababu ya chungu, kigoda na kiko.

Vyote vitatu vilitumiwa na mume wake. Mzee alipokufa, shangazi alifanya kama watu wa kwao walivyofanya siku zote. Alichukua chungu ambacho mumewe alipikiwa mboga yake, akakitoboa tundu chini, akakiweka juu ya kaburi. Kando yake akaweka kigoda alichokuwa akikalia jioni na kiko chake kirefu cha tumbaku. Kesho yake misionari akafika na Biblia kwapani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye magoti makubwa na sauti ndogo, na kwao ni nchi ya baridi inayoitwa Norwei. Sisi tulimwita Bwana tu.

"Mama," akauliza, "unafikiri baba atavuta tumbaku mbinguni?"

"Sijui, Bwana. Mimi sijafika. Kama huko hawapendi, ataiacha mlangoni."

Bwana akapiga kile chungu teke. Hakikuvunjika. Wafinyanzi wa Kibangubangu hawakuwa watu wa mchezo. Ikabidi apige tena, mara hii kwa kisigino, na chungu kikapasuka. Jumapili iliyofuata akasoma jina la shangazi mbele ya kanisa zima na kulifuta kwenye kitabu. Shangazi akasimama, akafunga kitambaa chake vizuri, akatoka kwa njia ya katikati, polepole, akisalimia watu kushoto na kulia kama mtu anayetoka harusini.

Mimi nilikuwa seremala wa misheni. Nilikuwa nimeketi juu ya benchi niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na sikusema neno. Nilikuwa na kazi nzuri na woga mwingi.

Mwaka uliofuata Bwana akapata likizo ya kurudi kwao. Makanisa ya huko yaliyomtuma yalitaka kuona muumini mmoja wa kweli, mwenye miguu na mikono, si picha. Akanichagua mimi. Alisema ni kwa sababu ya imani yangu. Nadhani ni kwa sababu sikuwa mlevi na nilikuwa mwepesi wa kuitikia "ndiyo".

Kwanza ilibidi niende Kasongo kutafuta karatasi za safari. Kasongo ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo nililala kwa ndugu zangu na kila asubuhi nikaenda kukaa kwenye baraza la ofisi ya teritwari, yaani wilaya. Siku ya tisa mtawala, Mbelgiji mwenye masharubu, akaniita ndani. Akageuza karatasi yangu huku na huku kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Norwei? Ubelgiji imekukosea nini?"

"Hakuna kitu, Bwana."

"Basi kwa nini usiende Ubelgiji?"

"Sikualikwa, Bwana."

Halafu akapiga mhuri. "Unaweza kurudi na koti," akasema. "Usirudi na mawazo."

Sitasimulia lori, wala ndege, wala jinsi nilivyotapika juu ya nchi ambazo hata majina yake sikuambiwa. Tulifika mwezi wa tano, wakati ambao wao waliuita wa joto. Mimi nilivaa koti mbili. Tulikaa kwa mama yake Bwana, mjane mdogo wa mwili, mkali wa macho, aliyenipa viazi na samaki asubuhi, mchana na jioni, na kila nilipomaliza akaniongezea bila kuniuliza. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mume wake, mzee mwenye ndevu na kiko mdomoni.

Kila Jumapili, na siku nyingine katikati ya juma, nilisimamishwa mbele ya kanisa. Bwana alieleza nilivyokuwa gizani. Kisha niliombwa kuimba wimbo wa kwetu. Nyimbo za kanisa zilizo nyingi walizijua wenyewe, maana ndio waliotuletea. Basi siku moja nikawaimbia kwa Kibangubangu wimbo ambao wanawake wa Kabambare huimba wakitwanga mpunga, unaohusu mume mvivu aliyenaswa na mtego wake mwenyewe. Walilia. Wanawake wawili walikuja kunishika mikono. Bwana, ambaye alijua Kiswahili lakini Kibangubangu hapana, akanishukuru sana, na wimbo ule tukaubeba kutoka kanisa hadi kanisa.

Siku moja ya mvua, hatukuwa na kanisa la kwenda. Bwana akasema, "Wewe ni seremala. Njoo nikuonyeshe kazi ya mbao." Mama yake akasema naye anakuja.

Nyumba aliyonipeleka ilikuwa nyeupe, yenye dari la juu lililopinda, mfano wa kanisa. Nikavua kofia. Ndani, pale ambapo ningetegemea madhabahu, palikuwa na merikebu.

Ilikuwa nyeusi, ndefu kuliko nyumba ya chifu, na ncha yake ya mbele ilipanda juu na kujikunja kama mkia wa kinyonga. Babu yangu alichonga mitumbwi ya mto Lualaba, kila mmoja kutoka gogo moja, na mimi nilikua nikiamini kwamba hakuna njia nyingine ya kutengeneza chombo cha heshima. Hapa watu walikuwa wamepasua mbao nyembamba, wakazipanga moja juu ya ukingo wa nyingine kama magamba ya samaki, wakazishika kwa misumari ya chuma. Nikazunguka mara tatu. Nilitafuta kosa, kama fundi yeyote anavyotafuta kosa la fundi mwenzake. Sikupata. Niliumia kidogo.

"Nani alitengeneza?"

"Wavikingi," akasema Bwana. "Babu zetu wa zamani sana."

"Ilizama wapi?"

"Haikuzama. Ilizikwa."

"Nani anazika merikebu nzima?"

Bwana akajikuna shingo. "Ilikuwa kaburi. Wanasema malkia alilazwa ndani, wakafunika yote kwa udongo mpaka ikawa kilima."

Tukapita upande ambako waliweka vitu vilivyotoka ndani ya kaburi lile. Palikuwa na vitanda. Palikuwa na ndoo za mbao, sufuria ya chuma, shoka, viatu, mtambo wa kufumia nguo, gari la kukokotwa la magurudumu manne, na magari mengine yasiyo na magurudumu, ya kuteleza juu ya theluji, yaliyochongwa nyoka na nyuso za kutisha kila mahali. Bwana akanieleza kwamba walizika pia farasi zaidi ya kumi, mbwa, na ng'ombe.

"Ng'ombe pia? Malkia alikuwa anakwenda kulima?"

"Walikuwa hawamjui Mungu," akasema Bwana.

"Ndiyo, Bwana." Nikatazama tena. "Na mifupa katika picha hii? Naona kama ni ya watu wawili."

"Walikuta wanawake wawili."

"Huyu wa pili iko nani?"

"Labda ndugu yake. Labda mtumishi. Hatujui."

"Alikufa siku moja na malkia? Kwa ugonjwa gani?"

Bwana akainua macho kuangalia dari. Ninyi mnaosoma lazima mjue kwamba kila mwaka, kule Kabambare, Bwana alihubiri juu ya machifu wetu wa zamani waliozikwa na watu wao, na kila mwaka tuliinamisha vichwa kwa aibu na kumshukuru kwa kuja. Sasa nilimwangalia akitafuta jibu kwenye dari, na jibu halikushuka.

Watu waliotuzunguka walitembea kwa ncha za vidole. Walinong'ona. Mlinzi mwenye kofia alisimama karibu na ndoo, na ndoo zenyewe zilikuwa nyuma ya kioo. Ndipo mdomo wangu ukasema jambo ambalo sikuwa nimeupa ruhusa.

"Bwana, hapa ungepiga teke, yule mtu wa kofia angekukamata."

Alielewa mara moja.

Mama yake akamvuta mkono wa koti, akauliza tulikuwa tukisema nini. Bwana akamweleza kwa lugha yao, maneno machache, bila hamu. Nikasikia jina la Kabambare. Yule bibi akajibu kwa maneno mengi, na kadiri alivyosema, Bwana akawa mwekundu, kuanzia kola ya shati mpaka masikioni.

"Mama anasema nini?" nikauliza.

"Anasema miguu inamuuma."

Lakini bibi hakutazama miguu yake. Alinitazama mimi. Akagonga kifua chake mahali pa mfuko wa koti, akapeleka vidole mdomoni, akapuliza moshi usiokuwepo. Kisha akaonyesha chini, ardhini, na kutikisa kichwa kwa nguvu kusema ndiyo. Nikakumbuka picha ya ukutani. Nikacheka mpaka mlinzi akageuka.

Tulikaa nje kwenye benchi kungoja mvua ipungue. Bwana aliweka mikono juu ya magoti yake makubwa.

"Alimtilia baba kiko chake ndani ya jeneza," akasema. "Mimi ndiye niliyehubiri siku ile. Nilisimama karibu kabisa. Sikujua."

"Na kibiriti?"

Alidhani nafanya mzaha, na kweli nilikuwa nafanya mzaha. Hata hivyo akamgeukia mama yake, akamuuliza. Bibi akamjibu kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Na kibiriti," akasema Bwana.

Tuliporudi Kabambare, nilitakiwa kusimama kanisani kutoa habari za safari. Kanisa lilijaa. Shangazi alikuja pia, akasimama nje dirishani, kwa kuwa waliofukuzwa hawakuzuiwa kusikiliza, walizuiwa kuketi tu. Nilianza na baridi, wakaguna. Nikaja kwenye viazi, wakanionea huruma. Halafu nikawaambia juu ya malkia. Nikataja vitanda, ndoo, sufuria, gari, farasi, mbwa na ng'ombe, kimoja kimoja, na kila nilichotaja watu waliitikia "Eee!" kwa sauti iliyozidi kupanda. Nilipofika kwa yule mwanamke wa pili, wazee wa mstari wa mbele wakageuka kumtazama Bwana wote pamoja.

Habari ya kiko niliiacha. Ile ilikuwa ya mama yake, si yangu.

Nilipokwenda kuketi, Bwana akasimama. Nilijua kazi yangu imekwisha. Akasema, "Yote aliyosema ni kweli. Kuna jambo moja amelificha kwa heshima." Na kwa sauti yake ile ndogo akasimulia mwenyewe: baba yake, jeneza, kiko, kibiriti. Akageukia dirishani.

"Mama, ingia uketi."

Shangazi hakusogea. "Ile chungu ulivunja ilikuwa ya mama yangu."

"Nitatafuta ingine."

"Utaibeba wewe mwenyewe. Usitume mutu."

Akaibeba mwenyewe. Alikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha wafinyanzi, akarudi amekumbatia chungu kifuani kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka, na watu walitoka mashambani kuja kusimama njiani. Hakuna aliyemcheka alipokuwa anapita. Walingoja apite. Kaburini hakujua jinsi ya kutoboa tundu bila kuvunja chungu, shangazi akamnyang'anya kisu, akamwonyesha. Baada ya hapo nilidhani shangazi atarudi kanisani Jumapili iliyofuata. Alikaa wiki nne nzima kwanza. Alisema ana karanga za kuvuna.

Kwangu mimi matata ndiyo kwanza yalianza. Kulikuwa na mzee mmoja, zamani kapita wa pamba, mtu aliyewakimbiza wenzake mashambani kwa fimbo kwa niaba ya Wabelgiji na ambaye hakuwa na rafiki hata mmoja. Alikuwa ameketi mstari wa mbele siku ile, na hakusikia kitu kingine isipokuwa merikebu. Akaja kwenye karakana yangu, akapima urefu wa sakafu kwa hatua.

"Nataka ile ya malkia," akasema. "Fupi kidogo. Farasi hapana."

Nikamwambia Kabambare hakuna mto wa kupitisha chombo kama hicho. Akasema hakuwa na nia ya kusafiri. Nikamwambia shimo lake litawaua wachimbaji. Akasema wachimbaji wote ni watu aliowahi kuwachapa, na wangelichimba kwa furaha.

Nikaitengeneza. Kweli, nilitaka kuona kama ninaweza. Nilipasua mbao za mvule nyembamba kadiri nilivyoweza, nikazipanga kama magamba, nikazipiga misumari, na ncha ya mbele nikaipindisha kidogo, si sana, kwa kuwa mbao zilianza kulia. Ilichukua msimu mzima wa mvua. Watu wanane waliibeba mpaka nyumbani kwake, ikabidi wabomoe upande mmoja wa ukuta ili iingie.

Mzee akalala ndani mara moja kuijaribu, akatangaza kwamba inamfaa. Kisha akakataa kufa. Wabelgiji walikwenda zao, bendera ikabadilishwa, Bwana akarudi kwao kwa mama yake, na yule kapita yuko hai, mgongo umenyooka, sauti ileile. Mavuno ya kwanza aliweka mpunga ndani ya merikebu, kwa kuwa panya hawakuweza kupenya mbao zangu. Mwaka wa pili aliongeza karanga. Mara ya mwisho nilipompitia aliniita kwa hasira, akinishutumu kwamba sikuweka kifuniko. Kuku watatu walikuwa wamelalia mayai upande wa mbele, na mke wake alikuwa amemwambia asiwasumbue mpaka waangue.